Pini, waya na upepo wa Mtera

Ukitaka kujua mashua ya tanga imetunzwa vipi usianze na rangi wala tanga lenyewe, nenda moja kwa moja pale nyaya za mlingoti zinaposhikana na bodi, inama, angalia pini. Kama spliti pini zipo, vile vipini vyembamba vya miguu miwili vinavyozuia pini kubwa isichomoke, miguu yake imefunguliwa kidogo na zimefunikwa, basi mwenye mashua anajua anachofanya. Kama kuna tundu tupu, au amechomeka msumari uliokunjwa, usipande hata akuapie.

Naandika haya nikiwa Dodoma, mimi kazi yangu ni trela na trekta, nafunga na kufungua boliti kutwa nzima, na mashua ni kitu ninachokipenda toka moyoni. Maji yetu makubwa huku ni bwawa la Mtera, unatoka mjini kwa barabara ya Iringa, unapita Fufu na Chipogolo, kilomita mia na ishirini na kitu hivi unafika. Wengi wanalijua kwa umeme, maana maji ya Ruaha Mkuu yanazuiwa pale, yanazungusha mitambo ya megawati 80, halafu yanashuka mpaka Kidatu yanazungusha mingine ya megawati 204. Wengine wanalijua kwa perege wanaouzwa barabarani. Kwa mtu wa tanga la muhimu ni upana, likijaa linapita kilomita za mraba 600, na kuanzia Juni mpaka Oktoba upepo wa kusini mashariki unakuja umejipanga, ule ule unaotujaza vumbi mjini, ukifika pale hauna kilima wala nyumba ya kuuzuia. Mawimbi yake sio makubwa kama ya baharini ila ni mafupi na yanafuatana, tap tap tap, mashua ndogo inatikisika muda wote bila kupumzika.

Na hiyo mitikisiko ndo habari yenyewe.

Mashua tunayotumia mimi na mdogo wangu (mtoto wa baba mdogo) ni ya faiba, futi 14, mlingoti wa alumini unaoshikiliwa na nyaya tatu, mmoja unakwenda mbele puani na wawili ubavuni, kulia na kushoto. Kila waya chini una kikaza waya, kile chuma chenye skrubu mbili, upande mmoja unakaza kulia na mwingine unakaza kushoto, ukizungusha mwili wa katikati zote mbili zinaingia au zote mbili zinatoka. Kikaza kinashikwa kwenye bati la ubavuni kwa pini, na pini inazuiwa isitoke kwa spliti pini au kwa ringi ndogo kama ya funguo. Juu kule mlingotini kuna pini nyingine, na kuna shakoli, hizi pete za chuma zenye umbo la U na boliti ya kufungia mdomo. Ukijumlisha vyote havijai kofia, ila mlingoti mzima unasimama kwa ajili yao, hakuna kingine.

Watu wengi wanadhani waya unakatika ukizidiwa nguvu na upepo. Inatokea, ila kwa mashua ndogo mara nyingi tatizo liko upande usio na nguvu. Sikiliza vizuri hapa. Upepo ukitoka kushoto, waya wa kushoto unavutwa mpaka unalia, na waya wa kulia, ule wa upande wa demani, yaani upande upepo unakoelekea, unalegea. Ule uliolegea ndo unaocheza, unakwenda mbele unarudi nyuma kwa kila wimbi, na kikaza kinayumba nao, pini inasuguana na tundu lake, skrubu inapata nafasi ya kuzunguka nusu uzi, robo uzi. Ukigeuza mashua zamu inahamia upande wa pili. Mchana mzima ni hivyo, kukaza na kulegea, kukaza na kulegea. Kuna mhandisi Mjerumani, Gerhard Junker, mwaka 1969 alionyesha kwamba nati hailegezwi sana na kuvutwa kwa urefu wa boliti, inalegezwa na kusogezwa ubavu kwa ubavu, msuguano kwenye nyuzi ukishapotea kwa sekunde tu nati inaanza kujifungua yenyewe. Sisi wa trela tunaliona kila siku kwenye boliti za springi, ila ziwani nimelielewa zaidi, kwasababu trela ikilegea unasimama pembeni ya barabara unashuka na spana. Ziwani unashukia wapi, na Mtera kuna mamba na viboko.

Kwahiyo kanuni ninayoishika ni moja, kukaza peke yake hakutoshi. Kila kitu kinachoweza kuzunguka au kuchomoka lazima kiwe na kitu cha pili kinachokikataza. Nimekaza kwa nguvu zangu zote, sawa, ila nani anamzuia asirudi?

Kilichonifanya nilishike hili kwa mikono miwili ni siku moja ya Agosti. Mashua tulinunua Dar kwa mtu, akatuambia nyaya zote zimefungwa upya, na kweli zilikuwa zinang'aa, pini za ubavuni amezizuia kwa ringi. Asubuhi tulizikagua tukiwa ufukweni, ringi zote zilikuwepo. Tukaenda, upepo mzuri, tumegeuza mara nyingi tu kupanda dhidi ya upepo, na mbele yetu kulikuwa na ile miti mikavu iliyosimama majini, wanaolijua bwawa wanajua ninachosema, vigogo vya toka msitu ulipofunikwa na maji. Nikawa najiandaa kugeuza tena tuikwepe. Mdogo wangu akapiga kelele, "Kaka usigeuze! Waya!"

Waya wa kulia ulikuwa unapepea hewani. Pini imetoka, ringi haipo, kikaza kinagongagonga kwenye bodi. Upepo ulikuwa kushoto kwahiyo mlingoti ulikuwa umeshikiliwa na waya wa kushoto tu, na laiti ningegeuza wakati ule upepo ungehamia kulia na mlingoti ungekuja chini wote na tanga lake, juu yetu. Yule dogo alituokoa, nasema wazi na huwa namwambia. Tukaachia kamba za demani, zile zinazovuta tanga, tukaacha tanga lipepee, tukashusha matanga yote mawili haraka bila kubadilisha upande wa upepo, halafu tukachukua henza, ile kamba inayopandisha tanga la mbele, tukaifunga kwenye bati la ubavuni pale waya ulipokuwa, tukaivuta mpaka ikakaza. Henza hiyo inatoka juu karibu na pale pale waya unapoanzia, kwahiyo ikawa waya wa muda. Tukatoka kwenye miti kwa makasia, kisha tukarudi na tanga kubwa peke yake, limepunguzwa, taratibu.

Ufukweni tukakaa tukaiangalia ile ya kushoto ambayo bado ilikuwepo, na jibu likawa pale pale. Ringi ilikuwa imeanza kufunguka, imevutika kama springi iliyochoka. Kila tulipogeuza, kamba ya demani ya tanga la mbele ilikuwa inapita juu ya pini na inaidaka ringi kidogo, inaivuta, inaiachia. Asubuhi ringi ipo, saa nane mchana haipo. Ukaguzi wa "ipo au haipo" haukuwa na maana kwa ringi iliyo wazi njiani mwa kamba.

Toka hapo ringi sizitaki sehemu yoyote ambayo kamba inapita. Sisemi ringi ni mbaya, juu mlingotini ambako hakuna kinachopita zinakaa miaka, ila zifunikwe. Ubavuni naweka spliti pini. Na hapa watu wa magari wenzangu nisikilizeni, sisi tumezoea kuikunja spliti pini mpaka mwisho, mguu mmoja unalala mbele mwingine nyuma, na kwenye hab ya trela ni sahihi kabisa. Kwenye mashua usifanye hivyo. Fungua miguu kidogo tu, kila mmoja ulalie nje kama digrii kumi mpaka ishirini, basi, haitoki. Sababu ni kwamba siku mlingoti ukianguka majini na unagonga bodi unatakiwa uuachie ndani ya sekunde chache, na pini iliyokunjwa mpaka nyuma huichomoi bila plaizi na bila muda. Halafu ukiikunja sana na kuinyoosha mara mbili tatu inakatika shingoni. Urefu wake uwe kama mara moja na nusu ya unene wa pini inayoizuia, ikizidi hapo inachana tanga na miguu ya watu. Ncha napiga tupa kidogo ziwe butu. Spliti pini ni kitu cha bei ndogo sana, mi nabadilisha zote kila msimu bila kuangalia kama nzima.

Kuhusu vikaza waya. Skrubu zake zina vitundu kwa ajili ya spliti pini, zipitishe zote mbili, ya juu na ya chini, kwasababu ukizuia moja tu mwili bado unaweza kuzunguka kwenye ile nyingine. Kama havina vitundu pitisha waya mwembamba wa stenlesi kutoka kwenye pini ya juu, katikati ya mwili wa kikaza, mpaka pini ya chini, urudi tena, uwe umekatana kama namba nane, unasokota ncha na kuzificha ndani. Kuna vikaza vinakuja na nati za kubana juu na chini, watu wanazikaza wanaona wamemaliza. Mi sizitegemei, nati ile inalegea kwa sababu zile zile za mtikisiko, na ukiikaza sana unaongeza mzigo kwenye nyuzi ambazo tayari zina kazi.

Shakoli ndo wengi wanazisahau. Boliti yake ina kijitundu kwenye kichwa, kile hakikuwekwa kwa urembo. Pitisha waya mle, zungusha kwenye mguu wa U mara mbili au tatu, sokota, na hakikisha waya unaivuta boliti upande wa kukaza, maana ukiifunga kinyume unaisaidia kufunguka. Kwa shakoli ninazofungua mara kwa mara natumia kebo tai, ile mikanda ya plastiki ya kubania nyaya, na niseme chukua nyeusi, zile nyeupe jua letu linazimaliza upesi sana, unazigusa zinavunjika. Zile za juu mlingotini ambako sipandi mpaka nishushe mlingoti hazipati kebo tai hata siku moja, ni waya tu.

Na waya wenyewe. Fundi mmoja alinishauri nitumie ule mweusi wa kufungia nondo, unapatikana kila hardware, ni laini, unasokoteka vizuri. Nampenda fundi yule na ananifaa kwa mengi ila hapana. Ule ni chuma kitupu, maji ya Mtera sio ya chumvi lakini kutu inakuja tu, na ukishakula kutu unakatika ukiwa umeukunja, yaani pale pale ulipotakiwa kushika. Naagiza Dar wa stenlesi wa milimita moja, roli moja inakaa muda mrefu. Kwa spliti pini na boliti za madukani natembea na kisumaku kidogo nilichotoa kwenye spika ya redio mbovu. Kikinasa kwa nguvu, hiyo ni chuma kilichopakwa zinki na sio stenlesi ya maana. Stenlesi nzuri hainasi, au inanasa kwa mbali sana pale ilipokunjwa. Muuzaji anakuangalia vibaya, we mwambie tu samahani mama, nakagua, mashua hii inabeba watu.

Boliti za kawaida, zile za bawaba za usukani na za mabati ya ubavuni, hizo nazifunga kwa loknati, nati yenye nailoni ndani. Lazima nyuzi moja mbili za boliti zichomoze nje ya nailoni, la sivyo nailoni haijashika kitu. Na ukiifungua mara kadhaa inalegea, utasikia mwenyewe ukiizungusha kwa vidole inakwenda, hiyo tupa. Springi washa tulizorithi kwenye magari hazisaidii sana kwa mtikisiko wa ubavu, nimeacha kuziamini. Sehemu isiyo na nafasi ya loknati naweka gundi ya nyuzi, Loctite ya bluu, ambayo unafungua kwa spana ya kawaida. Nyekundu usiiweke kwenye mashua ya faiba, ile ili ifunguke inataka moto mkali, na faiba na moto haviendi pamoja. Kitu kingine, stenlesi juu ya stenlesi ikikazwa kavu inaweza kuumana mpaka isitoke kabisa, hivyo nyuzi za vikaza napaka grisi kidogo. Kidogo kweli, maana vumbi la Dodoma na grisi vikikutana vinakuwa msasa. Tukifika ziwani kazi ya kwanza ni kitambaa, nafuta, napaka upya.

Kufunika nako kuna maarifa yake. Tepu nyeusi ya umeme kwenye jua letu inayeyuka gundi, inateleza, inaacha uchafu. Sisi tunakata vipande vya tyubu ya baiskeli, tunavizungushia juu ya spliti pini vikivutwa, tunafunga. Mpira hauachi gundi na kamba inapita juu yake bila kudaka. Ila usifunge kikaza chote mpaka kikose hewa, acha chini pawe wazi maji yatoke, kwasababu stenlesi inayokaa na maji yaliyosimama bila hewa inaliwa kwa ndani na wewe nje unaona pazuri. Mpira ukianza kupasuka pasuka badilisha.

Safari ya barabarani inalegeza kuliko ziwa, hili sikulisikia kwa mtu yeyote kabla, nimeliona mwenyewe. Mashua ilivyotoka Dar kupitia Morogoro mpaka hapa, kilomita kama 450, imelazwa mlingoti juu ya trela, vikaza vimeachwa vinaning'inia, tulikuta kimoja kimejifungua kimebakiza nyuzi chache sana. Hakuna wimbi lililokigusa. Sasa kila tukishusha mlingoti vikaza vinafungwa pamoja na mlingoti kwa mipira, pini zinarudishwa kwenye matundu yake na kuzuiwa, haziwekwi mfukoni wala kwenye kikombe.

Kuna mzee mvuvi upande wa Migoli, tunamwita baba mkubwa kwa heshima, mtumbwi wake hauna chuma hata kimoja kinachobeba mzigo, vyote kamba. Siku tumerudi na henza imefungwa ubavuni alikuja akaangalia, nikamwamkia, akaitikia, akashika ile henza akasema, "Hii nimeielewa, mwanangu. Kamba ikichoka inakuonyesha nyuzi. Hiki chuma chenu kinakaa kizuri mpaka saa ya kuondoka." Nimelifikiria sana neno lake. Hatukuacha chuma, ila tulibadilisha vitu viwili. Kwanza, pale waya wa mbele unaposhika puani tumeongeza kamba nyembamba ngumu inayopita sambamba na kikaza, mizunguko kadhaa kati ya waya na bati, imelegea kidogo, haifanyi kazi yoyote mpaka siku pini ikitoka. Pili, tunachora alama ya rangi ya kucha kwenye kila nati na kila kikaza, mstari mmoja unaopita juu ya nati na boliti yake. Mstari ukivunjika, yaani nusu imehama, kitu kimezunguka. Shemeji yangu alitupa chupa nyekundu, inaonekana vizuri hata jioni.

Kwahiyo sasa ukaguzi wetu sio wa macho tu. Mmoja anazunguka mashua kuanzia waya wa mbele, kulia, nyuma, kushoto, anashika kila pini kwa vidole na kujaribu kuizungusha, anaangalia mstari mwekundu, anataja kwa sauti, "mbele chini nzima, mbele juu nzima", na mwingine anarudia. Ya juu kabisa tunaikagua mlingoti ukiwa bado umelala, kabla ya kusimamishwa, maana ukishasimama huioni tena. Usukani nao, ule unaning'inia tu kwenye bawaba zake, mashua ikipinduka unachomoka na kuzama, kwahiyo una kibanio chake na una kamba fupi iliyofungwa bodini. Kisha tunakwenda nusu saa hivi, tunageuza pande zote mbili, tunarudi karibu na ufukwe tunakagua tena, kwasababu nyaya zikishavutwa mara ya kwanza ndo zinaonyesha kipi hakikukaa. Na tunaanza upya vivyo hivyo kila upepo ukizidi ghafla, tunashusha tanga kwanza, mtu mmoja anakagua upande uliolegea.

Ndani ya mashua kuna kopo la plastiki lenye mfuniko wa kuzungusha, limefungwa kamba lisipotee. Mle kuna spliti pini za saizi mbili tunazotumia, pini mbili kamili, shakoli moja ya ziada, kipande cha waya wa stenlesi, kebo tai nyeusi, vipande vya tyubu na plaizi ndogo. Kamba ngumu ya mita tano ipo pembeni yake. Maboya ya kuvaa hayaingii kwenye kopo, yako mwilini toka tunasukuma mashua majini. Mdogo wangu ameshajifunza kubadilisha spliti pini bila kuangalia, ananiambia mwakani Juni yeye ndo atasimamisha mlingoti na mimi nitakuwa narudia majina.